Jinsi ya kuusoma ukuta usio na sanamu: Washington kwa miguu, kwa macho ya fundi mawe

Ukija Washington na una siku moja tu ya kutembea, utapelekwa kwenye jengo la kumbukumbu ya Rais Lincoln, utapiga picha ngazini, utarudi ulikofikia. Hakuna ubaya. Lakini siku hiyohiyo inatosha kuona jambo ambalo wageni wengi hulipita bila kulitambua: jinsi kundi dogo la wachongaji wa New York wa miaka ya 1960, watu waliokuwa wakiagiza masanduku ya chuma na kupanga matofali sakafuni, lilivyobadilisha namna mataifa yanavyowakumbuka wafu wao. Ukuta ninaoukusudia ni kumbukumbu ya wanajeshi wa Vita vya Vietnam.

Mimi si msomi wa sanaa. Nakata granaiti kwenye karakana moja hapa Maryland: kaunta za jikoni, ngazi, vizingiti vya madirisha, na mara mojamoja jiwe la kaburi. Jamaa wakija kutoka nyumbani, mimi ndiye wa kuwatembeza, kwa hiyo njia ninayoieleza hapa ni ile ninayowapitisha wao. Vaa viatu ambavyo mguu umeshavizoea. Beba maji. Beba na tepu ya kupimia, ile ndogo ya mfukoni. Watu watakushangaa, waache washangae.

Anzia kwenye bustani ya sanamu

Usianze na kumbukumbu yoyote. Anza na bustani ya sanamu ya National Gallery of Art, kati ya mtaa wa 7 na wa 9, kandokando ya Constitution Avenue. Kuingia ni bure. Tafuta piramidi nyeupe ya matofali ya saruji, yenye kimo cha zaidi ya mita 4. Ni kazi ya Sol LeWitt: yeye alitoa maelekezo, wengine wakajenga. Usiipige picha kwanza. Izunguke. Haina mbele wala nyuma, haina sura ya mtu, na haikupandishwa juu ya jukwaa. Imekaa kwenye ardhi ileile uliyosimama wewe. Mashujaa wa zamani waliwekwa juu ya kiti cha jiwe ili uwatazame kwa kuinua shingo. Wachongaji wa minimalizimu, wale wa New York waliotaka maumbo matupu yasiyo na mapambo, walikiondoa kile kiti, na kuanzia hapo mtazamaji akajikuta anapimana na kitu chenyewe, ana kwa ana.

Mimi ni mtu wa Bagamoyo, na pale Kaole makaburi ya kale yana nguzo ndefu za mawe ya matumbawe zisizo na sura ya mtu yeyote. Kwa hiyo jiwe tupu halikuwahi kunitisha. Wageni wangu wa kutoka bara ndio huuliza, "Sasa hii ni nini?" Waambie ni piramidi, muendelee.

Kisha ulizia kama sanamu ya Tony Smith iitwayo Die imewekwa ukumbini siku hiyo. National Gallery wanayo nakala moja, lakini makumbusho hubadilisha vitu wanavyoviweka wazi. Ni mchemraba wa chuma, futi 6 kila upande, yaani sentimita 183. Smith alikuwa msanifu majengo kabla ya kuwa mchongaji, na mwaka 1962 aliuagiza mchemraba huo kwa simu kutoka kiwanda cha kuchomelea vyuma cha Newark, New Jersey. Alitaja vipimo na unene wa bamba, robo inchi, wakamtengenezea. Hakushika nyundo. Namwelewa sana, maana kazi zangu nyingi huanza vivyo hivyo, mteja anataja vipimo kwenye simu. Tofauti ni kwamba mteja wangu anataka mahali pa kukatia vitunguu.

Smith aliulizwa kwa nini hakuufanya mkubwa zaidi, uwe juu ya kichwa cha mtazamaji. Akajibu kwamba hakuwa anatengeneza mnara. Mbona basi hakuufanya mdogo, mtu aweze kuona upande wake wa juu? Akajibu kwamba hakuwa anatengeneza kidude. Mchongaji mwenzake, Robert Morris, aliyaweka mazungumzo hayo kwenye makala yake ya mwaka 1966. Yashike majibu hayo mawili, utayahitaji baadaye. Futi 6 ziko katikati yake, karibu sawa na mtu mzima aliyesimama, na Smith mwenyewe hakuficha kwamba kipimo hicho kinakumbusha jeneza na kina cha kaburi.

Ondoka bustanini na maswali ya kujiuliza kila utakaposimama. Kitu hiki kina ukubwa gani kikilinganishwa na mwili wangu? Kama kipande kimoja kimerudiwa mara nyingi, kimepangwa kwa utaratibu gani, na nani aliuamua? Kimetengenezwa kwa nini, na je, kinajifanya kitu kingine?

Wenyewe, wachongaji wa kundi hilo akina Donald Judd na Carl Andre, hawakutaka kazi zao zisimulie hadithi. Sanduku lilikuwa sanduku. Andre alipanga matofali 120 sakafuni mwaka 1966. Jumba la Tate la London likainunua kazi hiyo, na habari zilipovuma mwaka 1976 magazeti ya Uingereza yalichachamaa. Watu waliokataa kusimulia chochote waliwezaje kuwa walimu wa wale ambao kazi yao ni kukumbuka vifo? Jibu liko mwendo wa kilomita 2 hivi kuelekea magharibi.

Pita kwanza kwenye nguzo na nyota

Fuata uwanja mrefu wa National Mall, upite Mnara wa Washington, ufike kwenye kumbukumbu ya Vita vya Pili vya Dunia iliyofunguliwa mwaka 2004. Kuna nguzo 56, mashada ya shaba, tai, chemchemi. Upande wa magharibi kuna ukuta wa nyota 4,048 za rangi ya dhahabu, kila nyota ikiwawakilisha Wamarekani 100 waliokufa. Moyo wangu hausogei pale. Watu mia kwenye nyota moja ni hesabu ya stoo.

Hata hivyo kaa kidogo kwenye ukingo wa maji, uangalie jinsi kila kitu kinavyokuelekeza ujisikie vipi: fahari, shukrani, ushindi. Ndiyo lugha ya zamani ya minara, na kwetu ipo. Askari wa shaba aliyesimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927, bunduki mkononi, anawakilisha maelfu ya askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza, na pale huwezi kusoma jina la hata mmoja wao.

Ufikie ukuta kwa nyuma

Kumbukumbu ya wanajeshi wa Vita vya Vietnam iko kaskazini-mashariki mwa jengo la Lincoln. Watu wengi huijia kwa njia ya wageni. Wewe simama kwanza upande wa Constitution Avenue, kaskazini, uutafute ukuta kwa macho. Utaona nyasi na miti, basi. Mama yangu mdogo nilipomsimamisha pale alinigeukia.

"Mwanangu, sasa huo mnara wenyewe uko wapi?"

"Uko mbele yako, mama. Chini."

"Chini wapi? Mimi naona majani."

Alikuwa sahihi. Hakuna kilichojengwa juu ya ardhi. Upande wa kaskazini udongo umefika mpaka ukingo wa juu wa jiwe. Upande wa kusini udongo umeondolewa na nyasi zikateremshwa taratibu, ikawa kama ardhi imepasuliwa na upande mmoja wa jeraha ukavishwa jiwe.

Sasa zunguka mpaka kwenye ncha moja. Ukuta una mabawa mawili, kila moja lina urefu wa mita 75 hivi, yanakutana kwa pembe ya nyuzi 125. Bawa la mashariki linaelekea Mnara wa Washington, la magharibi linaelekea kwa Lincoln. Toa tepu. Kwenye ncha, jiwe lina kimo cha sentimita 20 tu, halifiki hata goti. Anza kutembea. Njia inateremka polepole kiasi kwamba miguu inagundua kabla ya macho. Majina yanaanza kwa mstari mmoja, yanaongezeka, jiwe linakufikia kiunoni, kifuani. Mahali fulani, kutegemea kimo chako, linakupita kichwa. Simama hapohapo na uyakumbuke yale majibu ya Tony Smith. Ukuta ulikuwa mdogo kuliko wewe, ukawa sawa na wewe, sasa ni mkubwa kuliko wewe, na kilichobadilika ni mahali unapokanyaga tu. Smith alichagua kipimo kimoja kati ya kidude na mnara. Hapa unavipitia vyote kwa dakika chache, kwa mwendo wako mwenyewe, na hakuna aliyekuamuru utoe kofia.

Kwenye pembe jiwe limefika mita 3.1, na mabamba marefu yana mistari 137 ya majina. Makelele ya magari yamebaki juu.

Kuna kazi moja ya mchongaji Richard Serra inayostahili kutajwa papo hapo. Kati ya 1970 na 1972, kwenye shamba moja la Ontario, Kanada, alijenga kuta za zege ambazo kila moja inaanzia usawa wa ardhi na kubaki sawa juu huku mteremko ukiondoka chini yake. Kimo cha ukuta hakikuamuliwa mezani, kiliamuliwa na shamba. Wachambuzi hupenda kuziweka kazi hizi mbili pamoja, na ukishatembea huku kisha ukatazama picha za kule, huhitaji mchambuzi.

Sogea karibu na jiwe

Wakati huu utaniwia radhi, nitakaa hapa kidogo, maana ndiyo kazi yangu.

Granaiti hii nyeusi ilitoka Bangalore, India, ikakatwa Barre, Vermont, na majina yakachongwa Memphis, Tennessee. Granaiti nyeusi ya India naifahamu kwa mikono. Ikifika haijang'arishwa ni ya kijivu kizito, haina mvuto wowote. Unapitisha diski ya msasa namba 50, kisha 100, 200, 400, 800, 1500, 3000, maji yakimwagika muda wote. Mpaka 400 bado ni jiwe tu. Ukivuka 800 ndipo taa za dari zinaanza kuonekana ndani yake, na ukimaliza 3000 unaweza kunyolea ndevu. Ukiruka namba moja kwa haraka, mikwaruzo ya msasa wa nyuma inabaki, na kwenye jiwe jeusi mkwaruzo haufichiki. Inama utazame ukuta kwa upande, jicho likiwa karibu na jiwe, uone ulivyo bapa kutoka bamba hadi bamba. Waliofanya kazi ile hawakuruka namba.

Herufi zina kimo cha sentimita 1.3 hivi, na hazikupakwa rangi. Zilichongwa kwa mchanga mkali uliopulizwa kwa hewa kupitia stensili. Pale mchanga ulipogonga, ung'aavu ulivunjika, jiwe likawa na vinundu vidogo vinavyotawanya mwanga, ndiyo maana jina linaonekana kijivu cheupe juu ya weusi. Gusa herufi moja kwa ncha ya kidole usikie ukingo wake. Mvua ikinyesha vile vinundu hujaa maji na herufi hufifia. Kama shida yako ni kutafuta jina fulani, chagua siku kavu. Kama shida yako ni kujiona, njoo jua likiwa kali: mwanga unakupiga wewe, wewe unatokea ndani ya jiwe, na majina ya watu yanapita juu ya shati lako.

Robert Morris alishatengeneza michemraba ya vioo mwaka 1965. Haikuonyesha kitu isipokuwa chumba na miguu ya waliokuja kuitazama. Watu waliona ni mchezo wa akili. Chukua wazo lilelile, badala ya kioo weka jiwe jeusi, andika majina juu yake, uone kama kuna anayecheza.

Usiyasome majina ovyo. Mwanzo hauko kwenye ncha, uko kwenye pembe, bawa la mashariki, juu, palipoandikwa 1959. Kutoka hapo majina yanakwenda kulia kwa kufuata tarehe ya kifo, bamba baada ya bamba, mpaka ncha ya mashariki ambako ardhi inayameza mwezi Mei 1968. Yanaibuka tena ncha ya magharibi, yanarudi kuelekea pembe, na kumalizikia chini palipoandikwa 1975. Kwa hiyo wa kwanza na wa mwisho wanakutana kwenye pembe moja, na vita vinafunga duara. Kulikuwa na maveterani waliotaka alfabeti, ili iwe rahisi kutafuta. Lakini wenye jina la Smith peke yao walizidi 600. Mtu wako angekuwa mmoja wa Smith kwenye orodha ya simu. Kwa tarehe, yuko pale alipokuwa, kando ya wale aliokufa nao siku hiyo. Gharama yake ni kwamba lazima utafute. Kwenye ncha kuna vitabu vya majina vinavyokupa namba ya bamba na namba ya mstari. Herufi E ni bawa la mashariki, W la magharibi. Hesabu mistari kutoka juu.

Angalia pia alama ndogo kando ya kila jina. Almasi ni aliyethibitika kufa. Msalaba ni aliyepotea na hajulikani alipo. Mabaki yake yakitambuliwa, msalaba unachongwa tena kuwa almasi, na umbo limepangwa ili almasi iumeze msalaba bila kuacha kovu. Fundi aliyefikiria hilo nampigia saluti. Na kama aliyepotea angerudi akiwa hai, msalaba ungezungushiwa duara. Hakuna duara hata moja.

Jua nani aliuchora, na nani aliukataa

Mashindano ya kubuni kumbukumbu hii yalivutia michoro 1,421. Waamuzi hawakuona majina ya wachoraji, namba tu. Iliyoshinda mwaka 1981 ilikuwa namba 1026, ya Maya Lin, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyekuwa anasoma darasa la usanifu wa makaburi. Jaribio moja la umbo lake alilifinyanga kwa viazi vya kuponda kwenye bwalo la chakula chuoni. Alikuwa pia amejifunza habari za lango kubwa la Thiepval, kule Ufaransa, alilolisanifu Edwin Lutyens, lenye majina ya wanajeshi zaidi ya 72,000 waliokosa kaburi. Na chuoni kwake kulikuwa na ukumbi wenye majina ya wahitimu waliokufa vitani. Kwa hiyo majina hakuyapata kwa wachongaji wa New York. Aliyapata kwenye makaburi ya Vita vya Kwanza. Kutoka kwa wale wa New York alikuta jinsi ya kuyaweka: bila sanamu, bila jukwaa, kwa kipimo cha mwili wa anayetembea. Ndivyo ninavyouelewa mimi, na ndilo jibu la lile swali la bustanini. Wale walisafisha chumba wakakiacha kitupu. Lin akaleta majina 57,939.

Mchoro ulizua ugomvi. Veterani mmoja aliuita jeraha jeusi la aibu. Wakadai rangi iwe nyeupe, itolewe shimoni, ipandishwe bendera. Brigedia jenerali George Price, Mmarekani mweusi, alisimama kwenye mkutano akakataa weusi kuitwa rangi ya aibu. Ukuta ulizinduliwa Novemba 1982 vilevile ulivyochorwa, na kama suluhu wakaongeza mlingoti na, mwaka 1984, sanamu ya askari watatu ya Frederick Hart.

Nenda ukasimame kando ya askari hao. Ni kazi nzuri ya mikono. Mishipa inaonekana, mkanda wa risasi unaonekana uzito. Wametazama ukutani, kama nao wanatafuta jina. Halafu chunguza watu wenyewe. Kwa askari watapiga picha na kuondoka. Ukutani wanabaki, wanaweka karatasi juu ya jina na kusugua penseli, wanaacha barua, buti, soda ya kopo. Vitu hivyo hukusanywa na wahudumu wa hifadhi za taifa. Hakuna aliyepanga iwe desturi. Jiwe tupu liliacha nafasi, watu wakaijaza.

Panda treni mpaka Pentagon

Ukiwa na nguvu bado, tembea hadi stesheni ya Foggy Bottom, panda treni ya njia ya bluu, shuka Pentagon na ufuate vibao. Angalia kwanza kama pamefunguliwa siku hiyo. Usipige picha njiani kwenye eneo la jeshi. Ukiingia kwenye kumbukumbu yenyewe unaruhusiwa.

Hii ilifunguliwa Septemba 2008, kazi ya Julie Beckman na Keith Kaseman, kwa watu 184 waliouawa pale Septemba 11, 2001. Kuna benchi 184 za chuma cha pua, kila moja imejinyosha hewani kutoka mguu mmoja, na chini yake kuna kidimbwi cha maji yanayotembea. Benchi moja ni karibu kitu kilekile ambacho angekichukua Judd: umbo moja, chuma, linarudiwa. Usiishie kwenye kusema ni nzuri. Tafuta utaratibu.

Zimepangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kutoka 1998 mpaka 1930, mtoto wa miaka 3 hadi mzee wa 71. Kisha angalia zimeelekea wapi. Ukisoma jina kwenye benchi ya mmoja wa wale 59 wa kwenye ndege, mbele yako ni anga. Ukisoma la mmoja wa wale 125 wa ndani ya jengo, mbele yako ni ukuta wa Pentagon. Hakuna kibao kilichokuambia ugeuke. Shingo yako imegeuzwa na benchi. Pembeni kuna ukuta unaopanda inchi moja kwa kila mwaka wa umri, kutoka inchi 3 mpaka 71. Weka tepu yako kwenye inchi 3. Sentimita saba na nusu. Watu wazima wengi niliowapeleka hunyamaza mahali hapo, na mimi siwasemeshi.

Jinsi ya kutambua za kuiga

Baada ya Ukuta wa Vietnam kufanikiwa, granaiti nyeusi ilisambaa kila mji. Nimechonga baadhi yake. Jiwe linang'aa, majina yamepangwa, na bado limekaa kama kaunta iliyosimamishwa wima. Kasoro karibu kila mara ni ileile: walinakili ngozi wakaacha mifupa. Uliza majina yamepangwa kwa nini hivi na si vile. Kwenye kumbukumbu ya Oklahoma City iliyozinduliwa 2000, viti 168 viko katika safu 9 kwa sababu jengo lililolipuliwa lilikuwa na ghorofa 9, kila aliyekuwa ndani ya jengo yuko kwenye safu ya ghorofa aliyokuwapo, na viti 19 ni vidogo kwa sababu ni vya watoto. Ukiuliza, unajibiwa. Penye kuiga, ukiuliza unajibiwa kwamba ilipendeza.

Uliyeko Ulaya unaweza kufanya zoezi hili Berlin. Kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, ya Peter Eisenman, ilifunguliwa 2005: vitalu 2,711 vya zege, vingine usawa wa ardhi, vingine vinakaribia mita 4.7, na vichochoro vya sentimita 95 ambamo wawili hawawezi kutembea bega kwa bega. Richard Serra alianza mradi huo na Eisenman, akajitoa 1998. Hakuna jina juu ya zege lolote. Majina na habari viko kwenye kituo kilicho chini ya ardhi. Mimi nashikilia upande wa majina, lakini nenda na mwenzio, mtenganishwe na vile vichochoro, halafu mbishane wenyewe.

Nairobi, mahali ulipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa Agosti 7, 1998, kuna bustani yenye ukuta wa majina. Nenda na maswali yaleyale.

Na kama umewekwa kwenye kamati ya kumbukumbu huko nyumbani, ya ajali ya meli, ya shule, ya kijiji, anzeni na utaratibu wa majina kabla hamjachagua jiwe. Kwa tarehe? Kwa familia? Kwa mahali walipokutwa? Orodha ipitishwe kwa ndugu kwenye karatasi, watie saini kila jina, maana stensili haijui tofauti ya Mwanahamisi na Mwanaamisi. Jina la chini kabisa liwe mahali ambapo mtoto au mtu wa kiti cha magurudumu atalifikia kwa mkono. Msiagize granaiti nyeusi India eti kwa kuwa Washington walifanya hivyo. Mwanza na Dodoma mawe yamejaa. Ila granaiti yetu nyingi ni ya kijivu, na herufi ya kupuliza mchanga juu ya kijivu haisomeki. Mwambieni fundi achonge mfereji wa pembe kama herufi V, wenye kina, si wa juujuu. Jua letu la mchana liko karibu na utosi, litateremka juu ya ukuta na kuacha kivuli ndani ya kila herufi.

Halafu mwache nafasi. Washington wameongeza majina mengi tangu 1982, ya watu waliokufa baadaye kwa majeraha ya vita vile, na wamelazimika kuyapenyeza pale palipobaki upenyo kwenye mstari ulio karibu na tarehe husika. Nyinyi acheni mistari kadhaa mitupu kwenye kila bamba tangu mwanzo, na mwandike kwenye kumbukumbu za kikao ni ya nini, ili kamati ijayo isije ikaijaza kwa majina ya wafadhili.